Kushonesha mapazia ya chumba cha kulia chakula: fimbo kwanza, kitambaa mwisho

Wengi huanzia dukani. Kitambaa kinavutia sokoni Mwanjelwa, Mbeya, au Miomboni, Iringa, mtu anakatiwa mita kumi za kukisia, ndipo anamtafuta fundi. Matokeo yake ni pazia lililoishia sentimita nane juu ya sakafu, au kipande kikubwa kilichobaki bila kazi. Geuza mpangilio: fimbo, kipimo, hesabu, halafu duka.

Hatua ya 1: Funga fimbo

Ikae sm 12 hadi 15 juu ya dirisha na ipite ukingo sm 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Nyumba nyingi za huku ni za tofali za kuchoma, na fisha (plagi ya plastiki inayoshika skrubu ukutani) iliyopigwa kwenye maungio ya tofali hulegea. Siku mtoto akivuta pazia, fimbo inashuka yote. Toboa kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha. Tumia drili ya kugonga, biti ya mm 8 na skrubu ya sm 6, kwa kuwa sm 2 za mwanzo ni plasta tu. Fimbo ikizidi mita 1.8 iwekee kishikizo cha katikati.

Chukua fimbo nzima ya chuma ya mm 25 au 28. Zile za kuvuta na kurefusha zinapinda katikati, na ringi hukwama kila siku pale bomba moja linapoingia kwenye lingine. Ukitaka na shia, yaani pazia jepesi linalopitisha mwanga, funga vishikizo vya fimbo mbili sasa hivi. Grili ikiwa imejitokeza ndani, hakikisha fimbo imeipita.

Hatua ya 2: Pima

Tumia tepu ya chuma, maana ya kitambaa hurefuka kwa matumizi. Vigae vikiwa bado, subiri viwekwe.

Pima kutoka juu ya fimbo hadi sakafuni, kushoto, katikati na kulia, kisha chukua kipimo kifupi kuliko vyote. Ondoa sm 2 za chini, ongeza sm 4 za kitambaa kinachosimama juu ya fimbo kwa mapazia ya ringi, yale yenye matundu ya ringi juu ambamo fimbo hupita. Ukipata 233, pazia lililokamilika litakuwa 235. Sebuleni pazia likigusa sakafu linapendeza. Dainingi usikubali: miguu ya viti italikanyaga, dekio litalilowesha, na mchuzi ukimwagika utapanda kwenye pindo.

Hatua ya 3: Hesabu ya kitambaa

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo ikae kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani.

Tuseme dirisha lina sm 180. Fimbo ni 220. Mapazia ya ringi yanahitaji upana wa karibu mara mbili ya fimbo, yaani 440. Urefu wa kukata ni 235, ongeza 10 za juu na 15 za pindo la chini, jumla 260.

Muulize muuzaji upana wa jora. Vitambaa vya sm 280 hulazwa: ule upana unakuwa urefu wa pazia, nawe unanunua mita kwa kufuata fimbo. Kwa mfano wetu ni mita 4.6, pindo za pembeni zikiwemo, bila kiungo chochote. Mimi napendelea hivi. Lakini angalia ua limechorwa kuelekea wapi, kwa sababu kuna majora ambayo ukiyalaza maua yote yanalala chali. Na kama urefu wako wa kukata unazidi 280, njia hii haifai.

Kitambaa cha sm 140 kinaunganishwa panda kwa panda, panda ikiwa ni kipande kimoja chenye upana wote wa jora. 440 kwa 140 inatoa tatu na kidogo. Kitambaa kizito kinatosha kwa panda 3, chepesi kipe 4. Panda 3 zenye 260 ni mita 7.8. Mapazia ni mawili, kila moja linapata panda moja na nusu, na ile nusu ikae upande wa ukuta, kiungo kifichwe na mikunjo. Fundi asiyeambiwa huiweka popote.

Kikiwa na maua, pima umbali kutoka ua moja hadi linapojirudia. Likijirudia kila sm 64, huwezi kukata 260, maana kila panda lazima ianzie mahali pamoja kwenye ua. Mara nne ni 256, haitoshi. Mara tano ni 320. Panda 3 sasa zinataka mita 9.6 badala ya 7.8. Usikimbilie kulipa. Punguza pindo la chini kutoka 15 hadi 11, urefu wa kukata unakuwa 256, na unabaki na mita 7.8 zako. Ndiyo maana hesabu hii hufanywa kabla ya mkasi.

Pamba nayo hurudi ikifuliwa. Asilimia 5 ya 235 ni karibu sm 12. Iloweke na kuikausha kabla ya kukata, au ununue poliesta iliyochanganywa, ambayo hairudi sana.

Ringi ziwe namba shufwa kwa kila pazia, ili ncha zote mbili zigeukie ukutani. Pazia lenye upana wa sm 197 baada ya kushonwa linachukua 12, ya kwanza na ya mwisho sm 5 kutoka ukingoni, zikiachana sm 17. Kwa fimbo ya mm 28, tundu la ringi liwe mm 40.

Hatua ya 4: Kuchagua

Omba kipande cha sampuli. Kitazame mchana dirishani na usiku chini ya taa ya mezani, kwa kuwa chakula cha familia huliwa zaidi usiku. Balbu nyeupe ya baridi huifanya krimu ionekane kijivu. Mahameli yaache, yanashika harufu ya samaki na vitunguu.

Weka bitana. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na jua lake linapausha rangi upesi. Dirisha la kaskazini hulipata hasa Juni na Julai, miezi ileile ya baridi ambayo bitana husaidia kutunza joto. Bitana iwe fupi kwa sm 2.5 na isishonewe chini, maana vitambaa viwili havirudi sawasawa.

Hatua ya 5: Fundi

Mpe karatasi yenye urefu uliokamilika, idadi ya ringi na mahali pa kiungo. Pindo la chini alishikize kwanza kwa mkono.

Hatua ya 6: Kutundika

Tundika, subiri siku mbili kitambaa kishuke, pima tena, ndipo pindo lishonwe kwa cherehani. Panga mikunjo kwa mkono, ifunge kwa utepe laini usiku tatu.

Mnaoingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi: pazia zito lenye bitana huziba hewa, na moshi wa mkaa usioonekana unaua. Acha dirisha wazi kidogo, jiko likae zaidi ya mita moja kutoka kwenye pazia, na litolewe nje kabla ya kulala.