Ukitaka Kuandika Unachotafiti Katika Roboti, Anza na Mikono ya Mtu Unayemjua

Kila mwaka vijana wawili watatu huniletea maombi yao ya shahada ya uzamili niyapitie. Kuna ukurasa mmoja unaowasumbua wote: eleza unataka kutafiti nini katika roboti, na nini kimekusukuma. Wengi huanza hivi: "Tangu utotoni nimependa teknolojia." Nawaamini, lakini sentensi hiyo haimwambii msomaji wewe ni nani wala umetoka wapi. Mimi natengeneza roboti ndogo za kukagua vyombo vya baharini upande ulio chini ya maji, hapa Mombasa. Nitawaonyesha nilivyouandika ukurasa wangu.

Kwanza tafuta mtu. Wangu ni babangu, aliyekuwa mzamiaji. Alikuwa akichukua vibarua Kilindini na Bandari ya Kale: kukwangua magamba yaliyoshika chini ya chombo, kukata kamba iliyojisokota kwenye rafadha, kutafuta nanga iliyopotea. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na ngoma ya sikio ndiyo huupokea kabla ya kiungo kingine. Mamangu alizoea kuketi upande wake wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Nilipoingia kidato cha pili aliacha kuzama.

Andika mtu wako hivyo: kazi yake, mahali pake, na ilichomgharimu. Mistari mitano inatosha. Usimlilie msomaji, mwache aone mwenyewe.

Rasimu yangu ya kwanza haikuanza na baba. Ilianza na Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 na kufukuliwa na wazamiaji kati ya 1977 na 1980. Ni habari kubwa, na kila mtoto wa Mji wa Kale anajivunia. Niliiondoa kwa sababu swali langu halikutoka kwenye meli hiyo. Ukiwa na mfano unaong'aa ambao haukukusukuma wewe, uache.

Sasa kaa na mtu wako umuulize kazi yake, hata kama umekulia nyumba moja naye. Hapa ndipo utafiti wenyewe unapopatikana, na hapa ndipo vijana wengi wanapita mbio. Mimi nilikwenda kwa baba na mchoro wa roboti yenye kamera na taa mbili. Tulikuwa barazani baada ya alasiri. Aliutazama mchoro kwa muda, akauliza, "Macho ya nini?" Nikamweleza. Akasema, "Siku za mvua, tope likishuka kwenye maji, hukioni hata kiganja chako. Chini hakuna macho, mwanangu. Kuna mikono."

Kisha akafumba macho, akaanza kuupapasa ukingo wa baraza. Akanionyesha alivyokuwa akiutafuta kwanza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo, kisha akienda polepole huku akihesabu kwa vidole, mkono mmoja ukifanya kazi na wa pili usiachane na chombo kamwe. Akikiacha, amepotea.

Niliyaona matatizo mawili ya roboti katika kiganja kile. La kwanza ni kutambua kitu kwa kugusa. La pili ni kujua ulipo: mawimbi ya redio hufifia upesi sana katika maji ya chumvi, kwa hiyo GPS haifiki huko chini, na roboti ikishazama haina wa kuiambia iko wapi. Watu hutumia vifaa vya sauti kupima umbali, navyo ni ghali. Babangu alijua alipo kwa kuhesabu. Nikaufuta mchoro wa kamera, nikaanza kuchora vigusio, yaani vifaa vya kuhisi kwa kugusa.

Maswali yangu huwa matatu, nami huyauliza kwa wakulima, mafundi wa kreni na wapanda mikoko sawasawa. Unajuaje kuwa umefika? Unajuaje kuwa umekosea? Siku gani hufanyi kazi hii, hata ukilipwa? Hilo la mwisho lina utajiri. Baba alijibu: "Maji ya bamvua yakiwa yanatoka." Bamvua ni siku maji yanapojaa na kutoka kwa wingi kupita kawaida. Mkondo ulikuwa ukimbandua kwenye chombo. Kumbe roboti yangu nayo ingebanduliwa.

Baada ya hapo geuza ulichosikia kiwe swali linaloweza kujibiwa "hapana". "Nataka kuwasaidia wazamiaji" ni nia njema, lakini haipimiki. Mimi niliandika: "Je, roboti yenye vigusio vinne, bila kamera, inaweza kuufuata mkuku wa mashua ya mita 9 kutoka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) na kurudi, ikijua ilipo bila kukosea zaidi ya sentimita 20?" Jibu la jaribio la kwanza lilikuwa hapana, tena hapana kubwa: ilikosea kwa zaidi ya mita moja. Niliiandika hapana hiyo kwenye ukurasa pamoja na sababu yake. Anayesoma maombi anataka kuona kama unaweza kuutazama mwisho mbaya na kuueleza.

Kwa hiyo lazima uwe umeunda kitu, hata cha bei ndogo. Changu kilikuwa mabomba ya plastiki ya fundi bomba, mota tatu za pampu za boti zilizozibwa kwa nta na grisi, na waya mrefu unaoleta umeme kutoka betri ya volti 12 iliyobaki juu ya mashua. Jambo moja litakusumbua ukijaribia nyumbani: pipa la maji ya mfereji litakudanganya. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5. Roboti ya kilo 8 iliyotulia vizuri ndani ya pipa itaelea baharini, nawe utahitaji kuongeza karibu gramu 200. Mimi hubeba mfukoni chubwi, zile risasi za kuzamishia mishipi ya wavuvi, nikaziongeza moja moja hadi itulie. Jaribu siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, karibu na tarehe 8 na 23 za mwezi mwandamo, na uwaulize wavuvi saa ya maji kusimama. Kwa muda huo mfupi mkondo hautakusumbua.

Sehemu ya "kwa nini" isiishie kwa baba na sikio lake. Wazamiaji wenzake waliniuliza waziwazi kama mashine hii itawaondoa kazini, na swali lao lilinikosesha usingizi. Nililiandika lilivyo, nikaandika na msimamo wangu: roboti itangulie siku za tope, iseme kama kuna kamba na iko upande gani, kisha mzamiaji aamue kushuka au kungoja. Nikaongeza sharti kwamba kila kipuri kipatikane madukani Mombasa, ili chombo kikiharibika kisibaki kabatini kikingoja meli. Kama kazi yako inaweza kumuumiza mtu, mtaje. Usimfiche nyuma ya neno "maendeleo".

Ukimaliza, msomee mtu wako ukurasa wote kwa Kiswahili, hata kama utaupeleka kwa Kiingereza. Nilimsomea baba upande wa kulia. Nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa akihesabu maungio ya mbao. Akaninyamazisha kwa mkono. "Mbao zimelala kutoka tezi hadi omo," akasema. "Ukifuata ungio moja utakwenda nalo mpaka mwisho bila kujua umefika wapi. Mimi nilikuwa nikihesabu safu za misumari. Kila penye taruma, ule ubavu wa ndani wa chombo, pana safu yake."

Nilikuwa nimeviweka vigusio vyote vinne vitafute nyufa za urefu. Usiku huo niliifuta sentensi, na wiki iliyofuata nikavigeuza viwili vitafute misumari.