Zamu ndefu au zamu fupi: kupima rosta ya wauguzi kabla ya kuigeuza

Wodi ikianza kubishana kama ihamie zamu za saa 12 au ibaki na zamu tatu kwa siku, mabishano huishia kwenye urefu wa zamu. Urefu ni nusu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo ndiyo huwachosha watu zaidi, ni mapengo: mtu anapata saa ngapi kati ya zamu na zamu, na dakika za kukabidhiana ripoti zinakatwa kwenye muda wa nani. Mwongozo huu ni wa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, anayepanga rosta (ratiba ya zamu), na wa muuguzi atakayeishi nayo.

Ziweke rosta zote mbili kwenye karatasi moja

Chora jedwali la siku 8, wala usihangaike na wiki. Gawa wauguzi makundi manne yenye idadi sawa, kila kundi lianze mzunguko siku mbili baada ya lililotangulia.

Zamu fupi: asubuhi mbili, jioni mbili, usiku mbili, ofu mbili. Asubuhi ni saa 1:30 hadi saa 9:00 alasiri. Jioni ni saa 8:30 mchana hadi saa 2:30 usiku. Usiku ni saa 2:00 usiku hadi saa 2:00 asubuhi. Angalia hapo: rosta inaitwa fupi, lakini usiku wake una saa 12 kamili. Ndivyo ilivyo kwenye wodi nyingi, na anayesema "sisi hatuna zamu ndefu" mara nyingi amesahau usiku.

Zamu ndefu: mchana mbili, usiku mbili, ofu nne. Kila zamu saa 12, kuanzia saa 1:00 hadi saa 1:00.

Sasa hesabu. Toa saa moja ya mapumziko kwenye kila zamu. Zamu fupi zinatoa saa 6.5 × 2, saa 5 × 2 na saa 11 × 2, jumla saa 45 kwa mzunguko. Zamu ndefu zinatoa 11 × 4, jumla saa 44. Watu ni walewale na saa karibu zilezile. Tofauti iko kwenye safari: fupi ni safari 6 za kwenda kazini kila siku 8, ndefu ni 4. Kwa siku 30 hiyo ni safari 22 au 23 dhidi ya 15. Anayefanya kazi hospitali ya Bugando au Sekou Toure jijini Mwanza na kulala Kisesa, Igoma au Buhongwa azidishe nauli yake mwenyewe ya daladala, kwenda na kurudi, aone kinachobaki.

Siku za kupumzika kweli nazo hazilingani. Siku unayotoka usiku ni siku ya kulala, usiihesabu kama ofu. Kwenye zamu fupi inabaki ofu kamili moja kati ya siku 8. Kwenye ndefu zinabaki tatu. Kwa muuguzi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, mwenye familia Mwanza mjini, siku tatu zinatosha kuvuka ziwa na kurudi. Siku moja haitoshi.

Mzunguko wa siku 8 una udhia mmoja: siku za ibada zinahama. Msabato atakuta Jumamosi yake kazini, mwingine Jumapili au Ijumaa. Tenga mapema nafasi za kubadilishana kwa sababu hiyo, la sivyo watu watabadilishana kienyeji, na madhara yake yanakuja huko chini.

Sheria inabana wapi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zamu ya saa 12 bila malipo ya saa za ziada inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi tu, isizidi siku 5 kwa wiki, na hizo saa 12 ni pamoja na muda wa kula. Mapumziko ni dakika 60 baada ya saa 5 mfululizo. Kati ya zamu na zamu lazima zipite saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa kuwa usiku wa rosta zote mbili unafunika saa zilezile 10, kwa hili tofauti ni ndogo: zamu fupi inazidi kwa ile nusu saa tu ya mwisho wa kila jioni. Aliyeajiriwa serikalini ana pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, kwa hiyo afisa utumishi aonyeshwe jedwali kabla halijabandikwa ukutani.

Kosa la kwanza kubwa ni mapumziko ya uongo. Usiku ukiwa na muuguzi mmoja, hakuna kupumzika: anakula huku anasikiliza kengele ya kitanda cha mwisho. Saa hiyo ni kazi na ihesabiwe. Ukiihesabu, zamu ndefu zinapanda hadi saa 48 kwa mzunguko na fupi hadi 51, na rosta iliyoonekana halali haiko halali tena. Usihamie zamu ndefu kabla hujahakikisha kila zamu ina mtu wa kumshikia mwenzake kwa saa moja.

Kosa la pili limo kwenye zamu fupi, na halionekani kwa haraka. Inchaji akipungukiwa mtu humwita aliyekuwa jioni arudi asubuhi. Ametoka saa 2:30 usiku, ameingia saa 1:30 asubuhi: saa 11. Tayari pumziko la kisheria limevunjwa, na ukitoa kusubiri usafiri, kuoga, kula na kuamka saa 11 alfajiri, usingizi ni saa tano au sita. Ndiyo sababu mzunguko unakwenda mbele, asubuhi, jioni, usiku, wala haurudi nyuma.

Dakika za ripoti

Zamu ndefu zina ugonjwa wake hapa. Mchana ukiisha saa 1:00 usiku na usiku ukianza saa 1:00 hiyohiyo, ripoti inatolewa lini? Kwa kawaida anayetoka hubaki nusu saa, na zamu inakuwa ya saa 12 na nusu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikuta kwamba uwezekano wa muuguzi kukosea uliongezeka mara tatu zamu ilipofika saa 12 na nusu au zaidi. Mwingine wa nchi 12 za Ulaya, uliochapishwa 2014, ulihusisha zamu za saa 12 na zaidi na kazi nyingi za wagonjwa kuachwa bila kufanywa. Nusu saa ya ripoti, basi, si kitu cha kupuuza.

Dawa yake ni kupishanisha. Kwenye kila zamu, nusu ya wauguzi waingie saa 1:00 na kutoka saa 1:00. Nusu nyingine waingie saa 1:30 na kutoka saa 1:30. Asubuhi, wa usiku wa kundi la saa 1:30 anamkabidhi wa mchana aliyeingia saa 1:00, kisha naye anaondoka kwa wakati. Hakuna anayepita saa 12, na wodi haiko wazi hata dakika moja. Kunahitajika watu wawili kwa zamu. Wodi yenye mmoja haiwezi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha kwenye zamu fupi.

Ripoti itolewe kitandani, si mezani: hali ya mgonjwa, dawa iliyotolewa mwisho na saa yake, dripu iliyobaki kiasi gani, kipimo kinachosubiriwa, na jambo la kuangalia. Dawa zinazodhibitiwa zihesabiwe na wawili, wote wakiangalia kabati. Zamu ndefu zina makabidhiano mawili kwa siku badala ya matatu, na huo ni ushindi wa kweli, kwa sababu taarifa nyingi hupotelea hapo.

Wodi gani, zamu gani

Wodi ya wazazi na chumba cha uangalizi maalumu hufaidika na zamu ndefu kama watu wapo: mama anayeanza uchungu asubuhi anaweza kujifungua mikononi mwa mkunga yuleyule aliyeanza kumjazia patografu (chati ya kufuatilia uchungu). Lakini saa mbili za mwisho zilindwe. Kuhesabu insulini, kuanzisha damu au kuchanganya magnesiamu salfeti (dawa ya kifafa cha mimba) kuhakikiwe na mtu wa pili, hasa kuanzia saa 9 usiku hadi saa 12 alfajiri, muda ambao mwili umezima hata kwa aliyelala mchana mzima. Wagonjwa wa nje na kliniki ya mama na mtoto hazihitaji zamu ndefu kabisa.

Wodi yenye kazi nyingi asubuhi, madaktari wakizungukia wagonjwa, isijaze watu siku nzima. Chukua makundi manne ya watu wawili kwa zamu ndefu, ongeza wawili wa asubuhi tu. Nafasi hizo zinawafaa wajawazito, ambao hawapaswi kufanya kazi usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na wanaonyonyesha, ambao wana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Jumla watu 10. Kwa likizo ya siku 28 kila mmoja, wodi hiyo ina mtu likizo wiki 40 kati ya 52, kwa hiyo mtu wa 11 si anasa.

Njiani na kulala

Saa 1:30 usiku Mwanza giza limeshaingia, mwaka mzima. Anayevuka kwenda upande wa Sengerema amepata nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lakini anayetegemea kivuko cha Kamanga aulize safari ya mwisho kabla ya kusaini makubaliano ya zamu ndefu.

Nyumba ya bati kwenye miamba ya Mabatini au Igogo huwaka ifikapo saa 5 asubuhi. Anayetoka usiku aingie kitandani mapema, dirisha lizibwe na kitu kizito (khanga moja haitoshi), chandarua kishushwe hata mchana. Kahawa ya mwisho saa 8 usiku. Ugali na sato uliwe kabla ya kuingia; katikati ya usiku uji, mayai au ndizi vinatosha. Kusinzia dakika 20 wakati wa mapumziko kunasaidia, ila baada ya kuamka zipite dakika 15 kabla ya kugusa dawa.

Kinachoharibu rosta nzuri

Kubadilishana zamu kwenye kundi la WhatsApp. Wawili wanapatana, inchaji hajui, na mtu mmoja anajikuta mchana na usiku mfululizo, saa 24. Sheria haimruhusu kuvuka saa 12 kwa siku hata kwa malipo ya ziada. Mabadiliko yote yaandikwe kwenye daftari na yasainiwe kabla ya zamu.

Pili ni deiwaka, yaani kibarua cha siku. Ofu tatu za zamu ndefu ni kishawishi kikubwa cha kwenda kuziba zamu kwenye zahanati ya binafsi, na mshahara ulivyo hakuna wa kumshangaa anayekwenda. Basi akubaliane na nafsi yake jambo moja: siku ya kutoka usiku na siku ya kabla ya kurudi zisiguswe. Zinabaki mbili za deiwaka.

Jaribu rosta mpya kwenye wodi moja kwa mizunguko 7, yaani siku 56. Kila zamu iandike mambo manne kwenye daftari la ripoti: dakika zilizozidi baada ya saa ya kutoka, dozi zilizochelewa au kurukwa, kama saa ya mapumziko ilipatikana, na nani hakuja kwa ugonjwa. Andika hivyohivyo kwa mizunguko miwili ya rosta ya zamani kabla ya kuanza, maana bila hiyo hutakuwa na cha kulinganisha. Kama dakika za kuzidi zinafika 30 kila siku, rudi kwenye kupishanisha saa za kuingia kabla hujagusa kitu kingine.