Kuomba kazi Dubai ukiwa Malindi: karatasi za kuanza nazo, na la kufanya viza ikichelewa

Dua ya safari yangu ilisomwa kwetu Maweni siku ya Alhamisi, na sahani za pilau zikafika hadi nyumba ya tatu. Niliondoka miezi mitano baadaye. Katikati hapo nilizoea kupita njia ya nyuma nikienda dukani, maana njia ya mbele kulikuwa na bibi mwenye swali lake moja tu: "Ehe mwanangu, ndege bado yangoja upepo?"

Mwajiri alichelewa, ni kweli. Lakini nusu ya hasara ilikuwa yangu, kwa kuanza na karatasi za mwisho nikaziacha za mwanzo. Karatasi za safari ni kama samaki: kuna ng'onda na kuna samaki mbichi. Pasipoti ni ng'onda, utaiweka miaka. Vipimo vya hospitali ni samaki mbichi, vikikaa vinaoza. Mimi nilianza na vipimo kwa sababu ajenti alinihimiza. Viza ilipokuja muda wa vipimo ulikuwa umeshapita, nikalipa mara ya pili. Isitoshe, ukifika kule unapimwa tena, kwa kuwa sheria yao ya ukaazi inataka hivyo.

Basi anza na majina. Tandika mkeka, uweke juu yake kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, usome herufi moja moja. Kwetu Pwani hapa ndipo pa kukwama. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Hadija, kitambulisho Khadija, na cheti cha shule kiliongeza jina la babu ambalo halipo kwingine. Nyumbani ni mtu yule yule. Kwa karani ni watu watatu. Rekebisha hilo kabla ya kugusa pasipoti. Tofauti ndogo huenda ikatoshelezwa na hati ya kiapo kwa wakili, kubwa itataka jina libadilishwe rasmi. Usimwamini anayekwambia "hiyo haitaonekana".

Pasipoti huombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fungua akaunti kwa simu yako na barua pepe yako, hata kama atakayekujazia ni kijana wa saiba, yaani duka la intaneti. Nimeona watu wawili waliofunguliwa akaunti kwa barua pepe ya saiba. Kijana akahama na neno la siri akaenda nalo, ikawa hawawezi hata kuona ombi lao limefika wapi. Ukishalipa, chapisha fomu na uchague siku ya kwenda kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Mimi nilikwenda Mombasa, nikapanda matatu ya alfajiri. Beba vyeti halisi pamoja na nakala, vitambulisho vya wazazi, na nakala ya kitambulisho cha mtu anayekudhamini kuwa anakujua. Huyo mdhamini mtafute mapema.

Usingoje upate kazi ndipo uombe pasipoti. Mwaka 2023 maombi yalirundikana nchi nzima, vitabu vikapungua na mashine za kuchapisha zikawa chakavu, na waliokuwa na ofa mkononi walikaa wakitazamana. Aliye na pasipoti ya zamani naye atazame tarehe: ikibaki chini ya miezi sita, ihuishe sasa.

Cheti cha tabia njema kinatoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nacho pia huombwa kwenye eCitizen. Mimi nililipa shilingi 1,050. Hapo pia hutolewa alama za vidole, na tatizo langu lilikuwa hizo. Miaka sita ya kusugua bafu za hoteli kwa dawa kali ilikuwa imenilamba alama zote, na afisa aliponibonyeza vidole vyenye wino kwenye karatasi, lilitoka doa tupu. Alinirudisha nyumbani. Nilipaka mafuta ya nazi usiku na mchana kwa wiki nzima, nikavaa glavu kazini, na mara ya pili zikatokea. Wenzangu wa dobi na jikoni, jueni hilo kabla hamjatoa nauli.

Kuhusu ajenti nitasema machache. Jina la kampuni yake litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ambayo ndiyo inayosajili mawakala wa ajira. Jina lisipokuwepo, ondoka. Halafu muulize kila shilingi ni ya nini. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Ajenti wangu alinitaka "pesa ya viza". Nilipomwomba risiti yenye maneno hayo hayo, hakunidai tena.

Ofa ikija, soma mshahara wa msingi kando na marupurupu, kwa sababu ukiondoka, kiinua mgongo huhesabiwa kwa ule wa msingi. Tazama malazi, chakula na tiketi ni juu ya nani. Ofa inayopitia wizara yao ya kazi ina namba. Weka nakala, usikubali kuonyeshwa kwenye simu ya mtu tu.

Sasa kungoja. Baada ya kutia saini, mwajiri anaomba kibali cha kazi wizarani, kisha kibali cha kuingia nchini kutoka uhamiaji. Wewe huwezi kuomba chochote kati ya hivyo, ndiyo maana kimya chake kinauma. Lakini unaweza kuuliza vizuri. Mimi mwanzo niliandika "habari, kuna jipya?" kila siku mbili, nikajibiwa "subiri" kila siku mbili. Nilipobadilisha maneno, nilijibiwa kwa aya nzima. Niliandika hivi: "Naomba kujua mambo matatu. Kibali changu cha kazi kimeshaombwa, na namba yake ni ipi? Kama hakijaombwa, kinangoja nini? Na kama tarehe ya kuanza imebadilika, naomba niandikiwe tarehe mpya." Kumbe hoteli ya Dubai iliyoniajiri haikuwa imemaliza ukarabati wa ghorofa, na maombi yetu hayajapelekwa popote.

Andika hivyo mara moja kwa wiki, Jumatatu au Jumanne. Wao wako mbele yetu kwa saa moja, na tangu Januari 2022 ofisi zao za serikali hufunga Ijumaa adhuhuri hadi Jumatatu. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupunguzwa.

Ajenti akichoka kuulizwa atakwambia panda na viza ya kutembelea, kibali utakikuta huko. Kataa. Kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa, na ikiisha ungali huko, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku.

Na kazi uliyo nayo usiiache. Hili ningelijua, nisingekaa miezi mitano bila kipato. Niliaga hoteli ya huku kwetu siku niliyotia saini ofa, ikakaribia masika, wageni wakaisha na hoteli nyingine zikafunga, hata kibarua cha siku sikupata. Tazama hesabu: kibali cha kuingia kwa ajili ya kazi hudumu siku 60 tangu kitolewe. Kwa sheria ya kazi ya Kenya ya 2007, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, isipokuwa kandarasi yake inasema zaidi. Yaani ukingoja kibali kitoke, ukahakikisha namba yake kwenye tovuti ya uhamiaji wao, ndipo ukatoa notisi, bado una siku 32 za kununua sanduku na kuaga. Vipimo, kama ajenti ni lazima avione, vifanye hapo.

Siku ya safari pasipoti, kandarasi na kibali viwe mkobani. Nakala zake niliziacha kwa kaka yangu, na picha zake nikazituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe.

Dua haikusomwa tena, mama alisema ile ya kwanza inatosha. Bibi wa njia ya mbele nilimpitia mwenyewe alfajiri, tiketi mkononi. Akaishika, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza mbona haina picha.