Mahindi niuze sasa au ningoje? Somo kwa wakulima wa Handeni na Kilindi

Habari za saa hizi wakuu. Kila ikifika mwezi wa saba naulizwa swali lile lile, bei itapanda lini, nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hapa mara moja. Siku ya bei kupanda haijulikani ila siku yako ya kuuza unaweza kuipanga.

1. Pima mzigo wote kwa kilo.

2. Toa chakula cha nyumbani mpaka mavuno yajayo, hicho hakiuzwi.

3. Andika madeni na ada za watoto, kila moja na tarehe yake.

4. Kausha. Hapa someni taratibu jamani. Mtu anaamua kungoja Desemba, anafungia mahindi yana unyevu, akija kufungua anakuta punje zimeshikana na zinanuka uvundo, bei imepanda kweli ila yeye hana cha kuuza. Ukungu huo ndio unaleta sumukuvu, huioni kwa macho na kupika hakuitoi. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili hiyo, baada ya siku chache wakafungua kwa masharti, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa hiyo anayevusha mpakani Horohoro lazima akukague na wewe wa Mkata.

Unyevu ushuke mpaka asilimia 13 hivi. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kidogo na mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa bado mabichi. Isiponata yameshuka chini ya asilimia 15 hivi, SIYO kwamba yapo tayari, yarudishe juani siku mbili zaidi. Anika kwenye turubai, usianike kwenye udongo, na jua likizama yaingize ndani.

5. Piga hesabu ya kungoja. Tuchukulie leo unapewa 50,000 kwa gunia la kilo 100, mfuko wa kuhifadhia 5,000, kibarua na upungufu 3,000. Maana yake chini ya 58,000 huko mbele umejisumbua bure, na kama una mkopo ongeza riba ya kila mwezi.

6. Gawa mafungu. La kwanza uza sasa, lilipe madeni. La pili uza ukifika bei uliyojiandikia, ukifika UZA, usianze kusema labda itaongezeka. La tatu lisubiri vuli. Mvua za Oktoba na Novemba zikiwa nzuri liondoe kabla mahindi mapya ya Januari na Februari hayajaingia sokoni, zikigoma unaweza kulishikilia. Na kumbukeni Trans Nzoia na Uasin Gishu kule Kenya wanavuna kuanzia Oktoba, huko wakijaza maghala mnunuzi wa Kenya anapunguza haraka ya kuja kwetu.

Bei msiulize dalali peke yake, Wizara ya Viwanda na Biashara inatoa bei za jumla za kila mkoa, linganisha na toa nauli.

MASWALI

Mwanakilindi: Mkuu kwa hiyo niuze mwezi gani?

Jibu: Hatua ya 5 na ya 6.

Mwanakilindi: Nimesoma, nataka mwezi tu

Jibu: Sijui una gunia ngapi, sijui unadaiwa na nani. Nikikutajia mwezi nakudanganya. Lete hesabu yako hapa tuipige wote.

Dada wa Kabuku: Shikamoo kaka. Mwaka jana nilitia dawa ila dumuzi walitoboa punje zikabaki unga. Hii mifuko ya tabaka tatu inafanya kazi kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Inafanya kazi kwa sababu hewa haiingii, wadudu wanamaliza iliyomo ndani wanakufa, dawa huhitaji. Ila mahindi yawe makavu na yamepepetwa, maana kipande cha gunzi kinatoboa nailoni. Jaza, kamua hewa yote, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba, kila tabaka peke yake. Usifungue fungue kuchungulia. Msimu ukiisha kagua matundu, ukiwa mzima unautumia tena.

Mzee wa Segera: Unaongea kirahisi. Huku mnunuzi anataka lumbesa, debe saba, ukikataa anakwenda kwa jirani.

Jibu: Sijasema ni rahisi mzee wangu. Ila gunia ni debe sita, hiyo ya saba unampa bure, kwenye gunia sita umemzawadia gunia zima. Sheria ya vipimo inakataa kuzidisha kilo 100. Changeni na hao majirani mnunue mzani wa kuning'iniza, mkikubaliana wote kuuza kwa kilo hana jirani wa kukimbilia.

Dada wa Kabuku: Na panya je? Mifuko wanaitafuna

Mzee wa Segera: Hilo nakujibu mimi binti yangu. Panga juu ya chaga, acha nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta, halafu fagia kila punje iliyomwagika, panya anaanzia hapo. Mimi nafuga na paka.