Kuonyesha filamu za kale za Hollywood darini, Lamu

Anza na kitambaa. Kuta zetu za chokaa ni nzuri lakini zina mabonde, na sura ya mtu ikiangukia bonde hupinda. Mimi ni fundi wa nguo za harusi hapa Langoni. Mara ya kwanza nilipowaalika majirani darini kwa bimkubwa wangu nilitundika shuka la kitanda, upepo wa kusi ukalijaza kama tanga, na Fred Astaire, yule mcheza dansi wa filamu za Hollywood, akacheza usiku kucha akiwa na kitambi ambacho maishani hakuwahi kuwa nacho. Siku hizi nashona vitambaa viwili pamoja: bafta mbele kwa weupe wake, marekani nyuma kwa uzito, ili mwanga usipenye. Weka upindo wa inchi tatu juu na chini, pitisha ufito wa mkoko kila upande, na ule wa chini uufunge kwa kamba kwenye mawe mawili.

Kipimo ni futi nane kwa sita. Usikate kirefu kama televisheni za sasa. Karibu filamu zote za studio za Hollywood za kabla ya 1953 zina umbo la nne kwa tatu, na ukiiacha projekta inyooshe picha ijaze upana, kila mtu ananenepa. Tafuta kwenye mipangilio palipoandikwa 4:3.

Kisha kiinue kitambaa. Astaire alishikilia kwamba kamera imchukue utosini hadi unyayoni, bila kukatakata, na kazi yake yote iko miguuni. Waliokaa mkekani mbele wakiziba sehemu ya chini, wa nyuma wamekosa filamu. Mimi huacha futi nne kutoka sakafuni.

Tunaanza baada ya Isha, Jumamosi. Alhamisi usiku siugusi, ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Stima hupotea, kwa hivyo projekta yangu inakula betri ya sola. Bisi na kahawa kila mtu anajua.

Kazi yenyewe ni kufasiri. Manukuu ya Kiingereza hupita mbio, na nusu ya wageni wangu ni wamama wazima ambao hawasomi Kiingereza. Kwa hivyo nakaa kando ya kitambaa nafasiri kwa mdomo. Itazame filamu mara mbili peke yako kwanza, na uandike kwenye karatasi pale ambapo mtu asiyeelezwa atapotea. Usiige wale madijei wa filamu wanaoongeza vichekesho vyao. Maneno ya watu hawa yalitungwa kwa uangalifu, yape heshima yake. Majina ya kigeni yanachanganya, basi mpe kila mtu lakabu: mwenye kofia, mke wa rafiki, tajiri mkali. Wimbo ukikaribia, sema maana yake kwa sentensi moja, halafu nyamaza mpaka uishe. Hili la kunyamaza nililichelewa kulijua. Watu wetu wamekua na filamu za Kihindi na taarabu, mtu kuacha mazungumzo akaimba hakumshangazi yeyote, na wimbo wanausikiliza kweli.

Kwa usiku wa kwanza chukua Singin' in the Rain ya 1952. Ina rangi, watoto hawalali, na kisa chake ni chepesi kueleza: sinema zisizo na sauti zinaanza kusema, na nyota mmoja sauti yake haifai. Gene Kelly, mchezaji mkuu wa filamu hiyo, alikuwa na homa kali alipopiga ile ngoma ya mvuani. Waambie kabla, halafu wamtazame.

Ya pili, Top Hat ya 1935. Fred Astaire na Ginger Rogers, mwenzake wa dansi, walicheza pamoja filamu 10, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wanaume walipojipanga safu na bakora zao, bimkubwa alisema, "Goma hilo," ile ngoma yetu ya wanaume wa safu na bakora. Lakini subiri gauni la Ginger la manyoya ya mbuni. Sikiliza neno la fundi: manyoya yale yalishonwa, na bado yalipeperuka walipokuwa wakifanya mazoezi. Ukitazama kwa makini utayaona mengine yakidondoka hata kwenye filamu. Nami huisimamisha picha hapo. Shangazi yangu aliyenifunza cherehani aliinuka mkekani, akasogea hadi kwenye kitambaa, akafuata mshono wa kiuno kwa kidole.

It Happened One Night ya 1934 inataka maandalizi. Binti wa tajiri na mwandishi wa habari wanalala chumba kimoja safarini bila ndoa, na mwanamume anatundika blanketi kwenye kamba katikati ya vitanda, analiita kuta za Yeriko. Mara ya kwanza nilifasiri maneno tu. Mwishoni tarumbeta ikalia, blanketi likaanguka, dari nzima ikanyamaza. Mtu akauliza, "Sasa?" Kisa cha Biblia cha kuta za mji wa Yeriko zilizoanguka kwa baragumu hawakukijua, na kosa lilikuwa langu. Mara ya pili nilikieleza mwanzoni, kisha nikaongeza: chukulieni tarumbeta ile ndiyo siwa. Siwa, lile baragumu letu kubwa la kale, ilipigwa harusini, na Lamu hakuna asiyejua hilo. Ilipolia, vigelegele vilisikika hadi barabara ya chini.

The Shop Around the Corner ya 1940 haina haja ya maelezo mengi. Wafanyakazi wawili wa duka moja la Budapest wanagombana kutwa, na usiku wanaandikiana barua za mapenzi bila kujua ni wao kwa wao. Nyanya wa jirani aliisemesha picha kwa saa nzima: "Hana mato? Hana mato huyu?" yaani macho. His Girl Friday ya mwaka huohuo iache. Wanasemeana juu kwa juu kwa kasi ambayo mfasiri hawezi kuifuata.

Sasa ya kuangalia mapema. Kanuni za maadili zilikazwa Hollywood katikati ya 1934. Za kabla ya hapo zina mavazi mafupi na maneno ya wazi zaidi, basi kama utaalika watoto, zitazame kwanza peke yako. Na katika Swing Time ya 1936 Astaire anajipaka weusi usoni kwa wimbo mmoja, kuigiza mtu Mweusi. Inaniuma kila ninapoiona, maana nampenda mtu huyu. Sikuuruka. Niliwaeleza watoto kwamba ulikuwa ubaya wa wakati ule, na juma lililofuata nikawaonyesha Stormy Weather ya 1943, ambayo nyota wake ni Weusi wenyewe: Lena Horne, Bill Robinson, na wale ndugu wawili waitwao Nicholas Brothers wakirukana vichwani huku wakishuka ngazi na kutua miguu imepasuka pande mbili. Watoto walitaka irudiwe mara nne, nami nikairudia.

Ukimaliza, acha projekta ipoe kabla ya kuifunika. Kitambaa usikikunje usiku huohuo, umande wa bahari umeshakiingia; kianike asubuhi, la sivyo kitaota madoa ya ukungu yasiyotoka.