Jinsi ya kujionea dira ya ndege kwa sindano, uzi na laptopu

Ukipita Tudor hapa Mombasa upande wa mikoko maji yakiwa yamekupwa, kuanzia mwezi wa nane hivi, utawakuta vitwitwi wamejaa matopeni wanadonoadonoa mbiombio, na pembeni sululu na ule mdomo wake mrefu uliopinda kwenda chini. Hawa ni wageni. Kuna wengine wamezaliwa Siberia mwezi wa sita au wa saba tu, na wazazi wakatangulia kuondoka wakawaacha, kwa hivyo safari yao ya kwanza hawana mkubwa wa kuwashika mkono. Mpwa wangu ana miaka 10 akaniuliza, mjomba, sasa wanajuaje njia? Jua na nyota zinawasaidia, lakini kuna dira nyingine, na ndege anaisoma kwa jicho. Kumwambia mtoto hivyo tu haitoshi, inabidi aone mwenyewe, basi ndio nikaandika hapa tulivyofanya.

Tafuta sindano ya kushonea, uzi mwembamba kabisa, tone la gundi na sumaku, hata ile ya spika mbovu yafaa. Muhimu sana: funga uzi katikati ya sindano KABLA hujaigusisha sumaku, uisogeze sogeze mpaka ilale sawa kama mizani, kisha tia gundi uache ikauke vizuri. Hapa usiharakishe maana ukikosea kidogo tu jaribio lote limeharibika. Ikishakauka isugue na sumaku mara 40 hivi, upande mmoja tu, ukifika mwisho nyanyua mkono urudi mwanzo, usisugue kwenda na kurudi. Weka sumaku mbali chumba kingine, zima feni, kaa mbali na friji na vyuma vya dirisha, halafu ning'iniza.

Itazunguka zunguka weee mpaka itulie. Ncha moja itaelekea kaskazi, na hapa Mombasa huhitaji kuuliza kaskazi ni wapi, Makka iko karibu juu yetu moja kwa moja kwa hiyo angalia msikiti wowote umeelekea wapi. Sasa inama macho yako yawe sawa na sindano. Ile ncha ya Kibla imenyanyuka! Kidogo tu, lakini kabla ya sumaku ilikuwa imelala sawa, sasa imenyanyuka. Ukifanya hivi Ujerumani ncha hiyo hiyo inazama chini, na huko mistari ya sumaku ya dunia, yaani ule mwelekeo sindano inaoufuata, imeinama zaidi ya nyuzi 60.

Huo mwinamo ndio ndege anausoma. Dira ya nahodha inasema kaskazi ni huku kusini ni kule, ya ndege haisemi hivyo, yeye anajua upande gani mistari inazama na upande gani inapanda basi. Watafiti Wolfgang na Roswitha Wiltschko wa Frankfurt, Ujerumani, walionyesha hivyo mwaka 1972, walichukua robini wa Ulaya, ndege wadogo wanaohama, wakawageuzia mwinamo wa sumaku kwa koili za umeme, ile kaskazi ya dira ya kawaida wakaiacha ilivyo, na ndege wakageuka.

Sasa jicho linaingiaje? Ndege wa kuhama ukimwekea taa ya bluu au ya kijani anaelekea sawa, ukimwekea nyekundu peke yake anapotea, majaribio ya 1993 kwa ndege wadogo wa Australia yalionyesha wazi. Sindano ya chuma haijali taa ya rangi gani wala giza. Kwa hiyo dira hii inahitaji mwanga, na kinachoshukiwa ni protini iliyo kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaitwa kriptokromu. Mwanga wa bluu ukiipiga, elektroni moja inaruka kutoka sehemu moja ya protini kwenda nyingine, zinabaki elektroni mbili zilizotengana lakini bado zinajuana, kila moja kama pia ya kuchezea watoto inazunguka, mara zinazunguka upande mmoja mara kinyume, mamilioni ya mara kwa sekunde. Sumaku ya dunia ni dhaifu, hapa kwetu ni mikrotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 30 na kitu, haiwezi kusukuma chochote mwilini, lakini inatosha kubadilisha kidogo zile pia zitakaa upande gani zaidi, na hapo kemikali inayotoka nayo inabadilika. Wazo la elektroni hizo mbili alilitoa mwanafizikia Klaus Schulten mwaka 1978. Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Oldenburg, Ujerumani, na Oxford, Uingereza, wakaitengeneza kriptokromu 4 ya robini maabara wakaona inaitikia sumaku, na zaidi kuliko ya kuku na ya njiwa. Hiyo ilikuwa kwenye vichupa lakini, si ndani ya jicho la ndege mzima.

Mtoto atauliza, sasa ndege anaona nini hasa? Wanaofanya kazi hii wanadhani ni kama kivuli, sehemu yenye giza au mwanga zaidi iliyolala juu ya kila anachokitazama, akigeuza kichwa nacho kinahama. Hilo unaweza kulionja. Fungua laptopu yenye skrini ya kawaida ya LCD, weka ukurasa mweupe mtupu, tazama katikati, kisha laza kichwa bega la kulia, halafu la kushoto, polepole. Baada ya muda utaona kijialama cha njano hafifu sana kama kipepeo amefungua mbawa, pembeni kina ubluu kidogo, na hakizunguki na kichwa chako, kinabaki kufuata mwelekeo wa skrini. Ukitulia kinafifia, laza tena kichwa kitarudi. Mimi ilinichukua dakika nzima, mpwa wangu alikiona mara moja akapiga ukelele. Mwanasayansi wa Austria, Haidinger, alikieleza tangu 1844. Mwambie mtoto ukweli: hiyo ni jicho letu linasoma mpangilio wa mwanga, si sumaku, lakini ile hali ya kuona mwelekeo juu ya picha ndiyo hiyo.

Jambo moja linaniuma. Oldenburg ndege walikuwa wakipotea kila wakijaribiwa kwenye vibanda vya mbao chuoni, mpaka vibanda vikafunikwa aluminiamu na kuunganishwa na ardhi, ndipo wakaelekea sawa. Kilichowapoteza ni kelele za umeme na mawimbi ya redio ya AM, ikatangazwa 2014. Ndege hakusikia chochote, dira tu ilizimika.

Mwezi wa nne vitwitwi wanaondoka, basi chukua sindano yako mwende Tudor jioni, uikinge na upepo. Ndege mwenye dira hii akiondoka hapa kwenda kaskazi anafuata upande ule unaonyanyuka. Akifika Ethiopia mistari imelala kabisa, sindano ingekaa kama mizani, na akishapita hapo inabidi aigeuze kanuni, aanze kufuata upande unaozama.