Kuandaa eneo la nyumba za kiwandani Dodoma: maji kwanza, nyumba baadaye

Nyumba iliyoundwa kiwandani husimikwa kwa siku chache. Kinachokula miezi ni ardhi iliyo chini yake. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na anayekagua eneo mwezi Agosti huona vumbi tu, akapanga nyumba juu ya njia ya maji. Mpima ardhi achore kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) za nusu mita kabla ya kugawa viwanja. Waulizeni pia wakulima wa jirani korongo hufurika hadi wapi. Mara nyingi jibu lao huokoa fedha nyingi.

Chimba mashimo ya majaribio ya mita 2 hadi 3, kila pembe na katikati. Udongo mwekundu wa kichanga hausumbui sana ukishindiliwa. Hatari ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi: ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Nyumba hizi ni nyepesi, haziwezi kuukandamiza, kwa hiyo nguzo moja hupanda, nyingine ikabaki, na dalili ya kwanza ni mlango usiofunga. Kama huwezi kuihama mbuga, ondoa mita 1, rudishia moramu (changarawe yenye udongo) kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu. Mchanga usijaze: shimo la mchanga ndani ya mbuga ni beseni la kutunza maji. Misingi ifungwe na fremu kwa bolti, kwani upepo wa huku hunyanyua paa na kila kilichoshikana nalo.

Barabara ya ndani iwe na upana wa mita 6, mgongo wenye mteremko wa asilimia 4 hadi 5 kila upande, na kona pana za kutosha trela lililobeba nyumba. Mitaro ishuke angalau nusu asilimia. Chini ya hapo mchanga hutuama na mtaro hugeuka bustani ya magugu. Mteremko ukiwa mkali, jenga mtaro kwa mawe, la sivyo maji yatauchimba.

Majitaka yanahitaji hesabu. Kama mtandao wa DUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dodoma, umefika, unganisha. Kama haujafika, chukua mfano wa nyumba 20, watu 5 kila moja: watu 100 kwa lita 80 ni lita 8,000 kwa siku. Ongeza tope, lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka 3: lita 12,000. Jumla mita za ujazo 20, yaani tanki la mita 5 kwa 2.5 lenye kina cha maji mita 1.6, chumba cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Bomba la milimita 110 lishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 40 hadi 60, na chemba iwepo kila kona. Shimo la kufyonzea maji yanayotoka kwenye tanki likichimbwa kwenye mbuga halifyonzi kitu. Lipeleke kwenye mchanga, mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi.

Mnaoboresha makazi yenye watu, tafuteni mabomba ya zamani kwa mkono kabla greda halijaingia, na mbadilishe upande mmoja kwanza huku mwingine ukiendelea kupata maji. Bomba jipya lipimwe kwa shinikizo mtaro ukiwa wazi. Likishafukiwa, uvujaji hugunduliwa kwenye ankara.